Achari yangu ya embe inaumuka ndani ya chupa. Nimekosea wapi?

*"Ninaishi Tanga na ninauza achari ya embe ya mafuta, ile ya Kihindi yenye haradali na uwatu. Nilijifunza kwa mama wa Kigujarati niliyemfanyia kazi miaka minne. Kipimo changu hakibadiliki: embe zilizokatwa kilo 10, vikombe 3 vya chumvi ya mawe, zilale usiku mmoja, namwaga maji, naanika, nachanganya na viungo na lita 2 za mafuta ya alizeti. Napata chupa 40 za gramu 250. Za Desemba ziliisha bila lalamiko. Za mwisho wa Januari zimerudi 17: zikifunguliwa zinafanya 'pss' na mafuta yanafurika, nyingine zina utando mweupe juu. Mmoja ananiambia niichemshe achari, mwingine niweke dawa ya kuhifadhia iitwayo sodiamu benzoeti, mwingine niongeze siki. Nifuate lipi? Tena kuna hoteli inataka chupa 30 za kitunguu saumu kwenye mafuta. Nitumie njia hiyohiyo?"*

Dada, pole kwa hasara, na hongera kwa kuandika vipimo vyako. Wengi huuliza swali hili bila kutaja hata kilo moja, na hapo mtu hubaki kubahatisha. Kwa hesabu yako kosa linaonekana, na haliko kwenye lolote kati ya hayo matatu unayoshauriwa. Liko kwenye chumvi na kwenye embe lenyewe. Kitunguu saumu ni habari nyingine kabisa, na ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko hizo chupa 17. Nitakifikia.

Kwanza chupa zilizobaki nyumbani. Zinazofura au zenye utando, zitupe, ila bakiza moja ya kuwaonyesha wataalamu nitakaowataja mwishoni. Usikwangue ukungu na kuuza kilichobaki chini, wala usiichemshe upya. Zifungulie ndani ya beseni, mfuniko umeufunika kwa kitambaa kizito, kwa sababu gesi ikizidi glasi inaweza kupasuka mkononi. Zile za mkupuo huohuo zinazoonekana nzima usiziuze pia. Embe ni lilelile na chumvi ni ileile, hazijafika siku yake tu.

Sasa tuone kinachotokea humo ndani. Watu husema "hewa imeingia", lakini hewa ikiingia haifanyi chupa ifure. Gesi inatengenezwa humo humo na jamii ya hamira, ndugu wa ile inayoumua unga wa maandazi. Inakula sukari ya embe na kutoa gesi. Hamira haijali uchachu. Unaweza kuwa na achari kali ya kukunja uso na bado ikaumuka.

Achari ya mafuta ina kinga tatu, na kila moja ina adui wake. Uchachu wa embe huzuia bakteria wa hatari. Chumvi huyashika maji hata hamira ikose ya kutumia. Mafuta huziba hewa ili ukungu usiote juu. Mafuta hayaui chochote, na jua pia haliui kama tunavyodhani, kazi yake ni kukausha tu. Ndiyo maana huwezi kuongeza mafuta ukitarajia yafidie chumvi, wala kuanika siku tatu ukitarajia jua lifanye kazi ya mafuta.

Nenda jikoni upime vikombe vyako kwa mizani. Kikombe cha mililita 250 kilichojaa chumvi laini huwa na karibu gramu 300. Kikombe hichohicho cha chumvi ya mawe yenye punje kubwa hushuka hadi gramu 220 au 250, kwa kuwa katikati ya punje kuna nafasi tupu. Tuseme vikombe vyako vitatu ni gramu 700. Kwenye embe kilo 10 hiyo ni asilimia 7. Asubuhi unamwaga maji yaliyotoka, na kwa kawaida ni lita 2 na nusu hadi 3. Maji hayo yameondoka na karibu gramu 200 za chumvi, na wewe hurudishi kitu. Zimebaki gramu 500 ndani ya embe na viungo vyenye uzito wa kilo 8 na nusu hivi, kama asilimia 6. Hiyo ni chumvi ya kuonja, siyo ya kuhifadhi. Ukitoa mafuta kwenye hesabu, achari ya kukaa rafuni bila friji inahitaji asilimia 12 kwenda juu.

Utauliza, mbona za Desemba zilipona? Embe la Desemba lilikuwa gumu na jeupe hadi kwenye kokwa: uchachu mwingi, sukari kidogo. Huenda pia ziliuzwa na kuliwa kabla hamira haijapata muda. Mwisho wa Januari, bolibo au dodo unayouziwa kama bichi mara nyingi imeshaanza kugeuka ndani. Likate uangalie karibu na kokwa. Ukiona umanjano, na kidole gumba kikabonyea, sukari imepanda na uchachu umeshuka. Mwenye chumvi ya asilimia 6 alikuwa anabebwa na ugumu wa embe, na embe lilipolainika hakubaki na cha kumbeba. Huko Gujarat nyumba nyingi hununua embe la achari katika majuma machache tu ya msimu na kufanya kazi ya mwaka mzima kwa mara moja. Wanajua embe hilo halingoji.

Basi fanya hivi. Nakupa kwa kilo 10 za vipande, vilivyopimwa baada ya kutoa kokwa. Osha embe zikiwa nzima, zifute na kuzikausha kabisa kabla ya kisu kuzigusa. Changanya vipande na kilo 1 ya chumvi na gramu 100 za manjano, kwenye ndoo ya plastiki ya chakula au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Usitumie sufuria ya alumini, maana chumvi na uchachu vitaila na achari itapata ladha ya chuma. Vilale siku 2, ukivigeuza asubuhi na jioni kwa mwiko mkavu. Chuja, kisha tandaza vipande juu ya kitambaa safi kwa saa 4 hadi 6, mpaka uso wake usiache unyevu kwenye kidole. Visikauke hadi kuwa kama ngozi, maana vitakunywa mafuta yako yote.

Pima tena. Utapata kilo 7 hadi 7 na nusu. Sasa ongeza chumvi gramu 60 kwa kila kilo iliyobaki, yaani kama gramu 450. Hii ndiyo hatua iliyokosekana kwako. Yule mama aliyekufundisha yamkini aliifanya kwa mkono, konzi mbili za chumvi ndani ya viungo bila kutaja, na wewe ukaona ni viungo tu. Wapishi wa aina hiyo hawafichi. Mkono wao umeshakuwa mizani, hawakumbuki kwamba wanapima.

Viungo vya ile Wagujarati wanayoiita methia keri, kwa kiasi hicho: haradali iliyopasuliwa gramu 500, uwatu uliopasuliwa gramu 250, pilipili nyekundu ya kusaga gramu 300, shamari gramu 100 ukipenda, na hing gramu 20, ile Waswahili wa zamani waliiita mvuje. Haradali usiikaange. Ule ukali unaopanda puani hauko tayari ndani ya punje. Hutengenezwa pale haradali iliyopasuliwa inapokutana na unyevu, na moto mkali huua kinachoutengeneza. Ukali huo si ladha tu, unawasumbua hamira na ukungu. Ukikaanga haradali umetupa mlinzi wa bure. Viungo vya kusaga nunua vizima, vianike, usage mwenyewe. Pilipili iliyosagwa ikakaa kwenye gunia lenye unyevu inaingia kwenye chupa ikiwa na ukungu wake tayari.

Mafuta ni lita 3 hadi 3 na nusu, siyo 2. Alizeti iliyosafishwa inafaa, ufuta pia ni mzuri na kule Andhra, kusini mwa India, ndio wanaotumia. Ukipata mafuta ya haradali, yapashe hadi yaanze kufuka moshi, kisha uyaache yapoe. Alizeti ipashe kiasi tu cha kuondoa unyevu. Mimina juu ya viungo yakiwa vuguvugu, kidole kiweze kuvumilia. Yakiwa ya moto, uwatu utaungua na uchungu wake haufutiki hata kwa sukari.

Usifunge siku hiyohiyo. Acha achari kwenye chombo kikubwa kilichofunikwa siku 4 au 5, ukigeuza kila siku. Katika siku hizo embe linakunywa mafuta na usawa wake unashuka. Ukijaza chupa siku ya kwanza, mafuta yatashuka ndani ya chupa na vipande vya juu vitachungulia nje. Utando mweupe uliouona umeota hapo, kwenye kipande kilichochungulia. Ukishajaza, shindilia kwa kijiko kikavu mpaka mapovu ya hewa yatoke, kisha ongeza mafuta yasimame sentimita 1 juu ya kipande cha mwisho.

Chupa: osha, chemsha dakika 10, kisha zikauke kwenye jiko la kuokea kwa nyuzi 110 kwa dakika 20. Kama huna, zipange zimeinama juani kutwa nzima na uzikague moja moja kwenye mwanga. Tone moja la maji chini ya chupa linatosha kuanzisha kijiji cha hamira. Chupa za zamani za jemu zinaweza kurudiwa, mifuniko yake hapana. Ile mpira ya ndani hubaki na harufu, na uchachu hula mahali palipochubuka.

Turudi kwenye ushauri uliopewa. Kuchemsha achari ya aina hii ni kuiharibu: embe linalainika kuwa uji, ukali wa haradali unakufa, na mteja akishafungua chupa hamira zinaingia tena na kukuta chumvi ni ileile ndogo. Siki nayo ni asilimia 5 tu ya asidi, na karibu yote iliyobaki ni maji, kwa hiyo unapunguza chumvi ambayo tayari haitoshi. Kama uchachu ni mdogo, ndimu iliyokamuliwa ina nguvu kuliko siki, na asidi ya sitriki ya unga haiongezi maji kabisa. Gramu 5 kwa kilo ni mwanzo mzuri.

Sodiamu benzoeti si sumu kama wengine wanavyoitangaza, na inafanya kazi vizuri dhidi ya hamira, mradi chakula kiwe kichachu. Tatizo ni kipimo. India kwa miaka mingi imeruhusu miligramu 250 kwa kilo ya achari. Robo ya gramu! Kijiko kimoja cha chai kinaweza kubeba gramu 4, kinachotosha kilo 16. Mtu asiye na mizani ya kusoma sehemu ya kumi ya gramu asiiguse. Hata ukiwa nayo, kwanza rekebisha chumvi. Dawa juu ya chumvi ya asilimia 6 itachelewesha malalamiko tu.

Nunua karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha uchachu (namba ikishuka, uchachu umepanda), zile zinazosoma kati ya 2.8 na 4.6 kwa hatua ndogo. Siku ya tano toa vipande vichache, vifute mafuta, viponde na maji kidogo yaliyosafishwa, chovya karatasi. Achari ya embe bichi husoma 3 na kitu. Ikivuka 4.0, ongeza ndimu au asidi ya sitriki na upime kesho yake. Mstari usiovukwa kamwe ni 4.6, na sababu yake ndiyo hiyo inayohusu kitunguu saumu.

Hapo nakuomba usimame. Kitunguu saumu hukua ndani ya udongo, na udongoni kuna mbegu za bakteria aitwaye *Clostridium botulinum*. Mbegu hizo hazidhuru zikiwa kwenye hewa. Ukizifunga mahali pasipo hewa, pasipo uchachu na penye joto la chumbani, zinaamka na kutengeneza moja ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Kitunguu saumu kina pH ya 5.3 na zaidi, na mafuta yanafunga hewa. Yaani unatengeneza hasa makazi anayoyataka. Achari ya embe inalindwa na uchachu wa embe, na kitunguu hakina. Tena sumu hii haifurishi chupa kila mara, haina harufu ya kukuonya, na kuonja kidogo "kuona kama iko sawa" ndiko kunakoua. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kutokana na kitunguu saumu kilichokatwa na kuwekwa kwenye mafuta bila kukaa kwenye friji. Na usidhani ni mambo ya Ulaya na Marekani: Kenya iliwahi kuripotiwa vifo vya botulizimu, ugonjwa unaoletwa na sumu hii, kwa kumbikumbi waliofungwa siku kadhaa kwenye mfuko wa plastiki. Kumbikumbi ama kitunguu, kisa ni kimoja, kitu kisicho kichachu kilichonyimwa hewa.

Njia salama ipo. Kitunguu kilichomenywa hukatwa vipande visivyozidi milimita 6, kikalowekwa saa 24 kwenye maji yenye asidi ya sitriki asilimia 3, gramu 30 kwa lita, na maji hayo yawe mara tatu ya uzito wa kitunguu. Kisha huchujwa na ndipo mafuta huingia. Lakini kuitumia nyumbani ni jambo moja, na kuwalisha wageni wa hoteli ni jingine. Usichukue oda hiyo mpaka maabara ipime pH ya katikati ya kipande, siyo ya maji yake. Kwa sasa waambie hoteli utawapa achari yako ya embe, ambayo pH umeipima iko chini ya 4.0. Au achari ya ndimu na pilipili, ambayo haihitaji mafuta na kwa pilau haina mpinzani.

Mtu yeyote aliyekula chakula cha kwenye mafuta akaanza kuona vitu viwiliviwili, kope zikalegea, ulimi ukawa mzito au akashindwa kumeza, apelekwe hospitali saa hiyohiyo na chupa ibebwe. Mara nyingi dalili huja kati ya saa 12 na 36.

Na embe za mwisho wa msimu zilizoanza kugeuka? Usizitupe, ila usiziweke kwenye mafuta. Zifanye chhundo, achari tamu: embe lililoparuzwa, sukari isiyopungua uzito wake, chumvi na manjano kidogo, ndimu ya kurudisha uchachu, kisha upike kwa moto mdogo hadi nyuzi 105, kama jemu. Bizari nyembamba iliyokaangwa na pilipili huingia ikishapoa kidogo. Hapo sukari ndiyo inayoyashika maji badala ya chumvi.

Tangu leo kila mkupuo uwe na namba, na namba hiyo iandikwe kwenye kibandiko cha kila chupa pamoja na tarehe. Daftarini andika uzito wa embe kabla na baada ya kuchuja, chumvi ya kwanza na ya pili, mafuta, pH. Weka chupa 3 za kila mkupuo kwenye kabati usiziuze, ufungue moja kila mwezi. Kibandiko kikisema miezi 6, uwe na chupa ya miezi 6 uliyoifungua mwenyewe. Mpaka uipate, andika miezi 3. Wale wanawake 7 wa Kigujarati walioanzisha Lijjat Papad, ushirika wa kutengeneza papadi, mjini Mumbai mwaka 1959 kwa mkopo wa rupia 80 walifika walikofika kwa utaratibu wa namna hii: unga hukandwa mahali pamoja kwa kipimo kimoja, kila mmoja anakwenda kusukuma kwake, na papadi hurudi kukaguliwa. Orodhesha pia viungo vyote, haradali ikiwa wazi kwa maandishi, maana wapo wanaodhurika nayo, na uongeze "tumia kijiko kikavu".

Kuhusu kibali, tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula Tanzania Bara uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Anza na ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ya mkoa wako, wana mafunzo ya usindikaji na wamezoea kuwashika mkono wajasiriamali wa jikoni hadi TBS. Nenda na chupa mbili za mkupuo mpya ambazo hazijafunguliwa, daftari lako, na moja ya zile zilizorudi, ndani ya mfuko wa plastiki mzito, ikiwa imesimama wima.